SHAHIDI NA KABURI LAKE: Jinsi Jumuiya za Kwanza za Kikristo Zilivyokumbuka Vifo vya Viongozi Wao

Utangulizi

Neno shahidi humtatiza mwanafunzi wa Kiswahili. Hulikuta katika habari za mahakama, ambako shahidi ni mtu aliyeona jambo akaja kulisema mbele ya hakimu; kisha hulikuta katika habari za dini, ambako shahidi ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Mwanafunzi makini huuliza, naye ana haki ya kuuliza: mtu aliyekwisha kufa hutoaje ushahidi?

Kamusi haiwezi kulijibu swali hili peke yake. Yatupasa kuingia katika historia. Katika makala haya tunakusudia kutazama jinsi jumuiya za kwanza za Kikristo, tangu karne ya kwanza hata karne ya nne, zilivyohifadhi kumbukumbu za vifo vya viongozi wao: Petro, Paulo, Yakobo wa Yerusalemu na Polikarpo wa Smirna. Hatukusudii kuhubiri, wala kuitikisa imani ya mtu yeyote. Tunataka kuonyesha kwamba watu wale walishika kwanza siku na mahali, na masimulizi marefu aghalabu yakafuata baadaye. Tena kwamba walikumbuka kwa kuwa walio hai walikuwa na haja kubwa ya kumbukumbu hiyo.

Asili ya neno

Wakristo wa kwanza walisema na kuandika Kigiriki, na neno lao lilikuwa martus. Hilo lilikuwa neno la barazani: mtu aliyeona, anayeweza kuapa na kuulizwa. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume maana hiyo ndiyo itawalayo. Mitume ni mashahidi kwa sababu walikuwapo. Lakini ilipofika katikati ya karne ya pili, neno lilelile lilikwisha kuanza kutumiwa kwa mtu aliyesimama mbele ya liwali wa Kirumi, akaulizwa, akakiri imani yake, akauawa. Hatua kutoka maana ya kwanza hadi ya pili haikuwa ndefu, kwani mtu yule naye alisimama mahakamani akasema neno lake. Tofauti ni kwamba neno lake lilimgharimu uhai.

Mzizi wa Kiarabu uliotupatia neno shahidi umebeba maana zote mbili, ya kuona na ya kufa kwa ajili ya imani. Hapa Uganda, Luganda nacho kimefuata njia hiyohiyo: omujulizi ni shahidi wa barazani, na Abajulizi ni wale waliouawa kwa ajili ya dini katika enzi ya Kabaka Mwanga. Lugha zisizo na nasaba moja zimekutana mahali pamoja. Mwalimu akilieleza hili darasani, atakuwa amekwisha kumpa mwanafunzi nusu ya jibu.

Ukimya wa maandiko ya awali

Msomaji anayefungua Agano Jipya akitafuta habari za kifo cha Petro au cha Paulo atashangaa. Hazimo. Kitabu cha Matendo humfuata Paulo baharini na nchi kavu, humwonyesha akivunjikiwa na merikebu, humfikisha Roma, humwacha katika nyumba aliyoipanga akifundisha kwa muda wa miaka miwili, kisha kitabu kinakwisha. Kuhusu Petro, Injili ya Yohana inadokeza tu kwamba atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake, na mwingine atampeleka asikotaka. Yakobo, mwana wa Zebedayo, aliyeuawa na Mfalme Herode Agripa wa Kwanza kabla mfalme huyo hajafa mwaka 44, amepewa maneno saba tu ya Kigiriki. Ni Stefano peke yake aliyesimuliwa kwa kirefu, naye hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili.

Andiko la kale kabisa nje ya Agano Jipya linalowataja Petro na Paulo kama watu walioteseka hata kufa ni waraka ambao kanisa la Roma lililipelekea kanisa la Korintho mnamo mwaka 96, na ambao mapokeo yanasema uliandikwa na Klementi. Huko Korintho palikuwa na fitina: baadhi ya wazee wa kanisa walikuwa wameondolewa katika kazi yao. Warumi waliandika kuwaonya. Wakataja mifano ya watu walioangamizwa na husuda, wakianzia na Kaini na Habili, hata wakawafikia mitume wawili. Waraka unasema kwamba Petro alipata taabu nyingi na kwamba Paulo alifungwa minyororo mara saba. Hausemi walikufa kwa upanga au kwa msalaba, wala hautaji siku.

Kwa nini waraka ukawa mchache wa maneno hivyo? Tuutazame ulikusudia nini. Waandishi wake hawakuwa wakitunga historia ya mitume. Walikuwa wakijaribu kuzima moto katika nyumba ya ndugu zao, na waliwataja wafu kwa kadiri walivyohitajiwa na kazi hiyo. Mwanahistoria Mrumi Tacitus naye, aliyeandika miaka ishirini hivi baadaye, alieleza jinsi Kaisari Nero alivyowatesa Wakristo wa Roma baada ya moto mkubwa wa mwaka 64, lakini hakumtaja Petro wala Paulo kwa jina. Kwake yeye lilikuwa ni kundi la watu tu.

Siku, mahali na mifupa

Mambo yanabadilika tunapofika Smirna, mji wa bandari ambao leo huitwa Izmir, nchini Uturuki. Huko, kati ya miaka ya 150 na 160 na kitu, askofu mzee Polikarpo aliuawa katika uwanja wa michezo. Kanisa lake liliandika waraka kwa kanisa la Filomelio, nalo likaomba uenezwe kwa makanisa mengine. Waraka huo tunao mpaka leo, na wengi huuhesabu kuwa masimulizi ya kale kabisa ya kifo cha shahidi Mkristo nje ya Agano Jipya.

Waraka unaeleza jinsi mzee alivyokamatwa shambani, akawaandalia chakula waliokuja kumkamata, akaomba apewe muda wa kusali. Mbele ya liwali alitakiwa amlaani Kristo; akajibu kwamba amemtumikia kwa miaka 86 wala hajatendewa naye ubaya. Akahukumiwa kuchomwa moto. Waraka unasema kwamba moto ulimzunguka kama tanga lililojaa upepo, na kwamba mwishoni alichomwa kwa jambia.

Lakini sehemu inayotupasa kuitazama zaidi inakuja baada ya kifo. Jumuiya iliuomba mwili wake, ikanyimwa. Watu walidai kwamba Wakristo wangemwacha Kristo na kuanza kumwabudu huyu. Waandishi wanajibu kwa kupambanua mambo mawili: Kristo huabudiwa, mashahidi hupendwa kama wanafunzi wake. Akida akauchoma mwili. Ndipo wale waliobaki wakaiokota mifupa, ambayo kwao ilikuwa ya thamani kuliko vito, wakaiweka mahali palipofaa, wakaazimu kukutana hapo kila mwaka katika siku ile, ambayo waliiita siku ya kuzaliwa kwake. Makusudi yao waliyataja wazi: kuwakumbuka waliokwisha kushindana, na kuwazoeza watakaoshindana baadaye.

Hebu tulitafakari neno hilo, kuwazoeza. Kumbukumbu ilikuwa shule. Na shule hiyo ilikuwa na mafunzo yake kamili, kwa maana waraka huohuo unamtaja mtu mmoja, Kwinto wa Frigia, aliyejitoa mwenyewe mbele ya wakuu na kuwashawishi wengine wafanye vivyo. Alipowaona wanyama wakali, alitishika akaikana imani. Waandishi wanasema bila kuficha kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe. Kijana wa Smirna aliyeusikia waraka ukisomwa alijifunza kwamba ushujaa si kukitafuta kifo.

Tarehe nayo waliishika kwa uangalifu wa karani. Waraka unataja siku ya pili ya mwezi Xanthikos, unaitaja tena kwa hesabu ya Kirumi, na kuongeza kuwa ilikuwa Sabato kuu, saa ya nane ya mchana. Hesabu hiyo huangukia 23 Februari, na hata leo makanisa mengi humkumbuka Polikarpo siku hiyo. Jambo la ajabu ni kwamba wataalamu hubishana juu ya mwaka; siku hawana shida nayo. Jumuiya ilihitaji kujua lini ikutane, haikuhitaji kujua ni miaka mingapi imepita.

Mwishoni mwa waraka wamo wanakili. Mmoja alinakili kutoka katika maandishi ya Irenaeus, aliyepata kumsikiliza Polikarpo. Mwingine alinakili kutoka kwa huyo huko Korintho. Wa tatu, aitwaye Pionius, anasema aliutafuta waraka akaukuta umechakaa karibu kupotea, naye akaunakili upya. Sisi walimu, tunaojua taabu ya kuandika ubaoni yale yasiyopatikana kitabuni, hatuna budi kuwaheshimu watu hawa. Pasipo kazi yao, pengine tusingejua kwamba mzee yule aliwaandalia chakula waliokuja kumkamata.

Desturi hiyo haikuwa ya Smirna pekee. Mnamo mwaka 250, katika mateso ya Kaisari Decius, Askofu Sipriani wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliwaagiza mapadre na mashemasi wake waandike siku ambazo waungamaji walifia gerezani, ili wakumbukwe pamoja na mashahidi wengine. Miaka minane baadaye yeye mwenyewe alikatwa kichwa, na siku yake, 14 Septemba 258, haikupotea.

Karamu makaburini

Watu wa dola ya Kirumi walikuwa na mila ya kula chakula makaburini kwa ndugu zao waliofariki. Wakristo hawakuiacha, waliichukua wakaipeleka kwa mashahidi. Mwaka 1915, wachimbuzi waliokuwa wakifanya kazi chini ya Kanisa la Mtakatifu Sebastiano, katika njia ya Appia nje ya mji wa Roma, walifukua ukuta wenye mamia ya maandishi yaliyokwaruzwa kwa mkono. Ni sala za watu wa kawaida kwa Petro na Paulo, kwa Kilatini na Kigiriki, nazo zina makosa mengi ya tahajia. Baadhi yao wanaandika kwamba wamekula karamu ya ukumbusho mahali hapo. Kalenda ya Roma iliyokusanywa mwaka 354 inaitaja siku ya 29 Juni, na kumweka Petro mahali hapo panapoitwa Makatakomba, na Paulo katika njia ya Ostia.

Wakubwa hawakuipenda desturi hii siku zote. Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, anaeleza jinsi mama yake Monika alivyokwenda Milano na kikapu cha uji, mkate na divai, kama ilivyokuwa mila ya kwao Afrika, akazuiwa na bawabu kwa amri ya Askofu Ambrosi. Mama yule akatii. Tunaona hapa mambo mawili yakishindana: kumbukumbu ya watu, yenye chakula na kelele zake, na kumbukumbu ya wakuu, yenye utaratibu. Yeyote aliyekaa matangani katika vijiji vyetu atalitambua shindano hilo bila kuelezwa.

Makaburi katika mabishano

Maadamu kaburi lilikuwa ushahidi, haikukawia likaanza kutumiwa kama hoja. Mnamo mwaka 190 palizuka ugomvi mkubwa juu ya siku ya Pasaka. Makanisa ya mkoa wa Asia yaliimaliza saumu siku ya kumi na nne ya mwezi wa Kiyahudi, iwe siku yoyote ya juma. Roma na wengine walingoja Jumapili. Askofu Viktori wa Roma alitaka kuwatenga ndugu wa Asia. Askofu Polykrates wa Efeso akamjibu kwa barua, na hoja yake ya kwanza ilikuwa orodha ya makaburi: Filipo analala Hierapoli pamoja na binti zake, Yohana analala Efeso, Polikarpo yuko Smirna, Sagaris yuko Laodikia, Melito yuko Sardi. Hawa wote, alisema, waliishika desturi yetu, nao wanangoja ufufuo katika ardhi yetu. Nani basi atutishe? Irenaeus, aliyekuwa askofu wa Lyon, akaingilia kati kumsihi Viktori aichague amani.

Miaka michache baadaye, Mkristo wa Roma aitwaye Gaius alibishana na Proclus, mtetezi wa kundi la manabii wapya kutoka Frigia. Proclus alijivunia kaburi la Filipo na binti zake manabii. Gaius akajibu kwamba yeye anaweza kuonyesha alama za ushindi za mitume: mtu aende Vatikano au katika njia ya Ostia atazikuta. Huu ndio ushahidi wa maandishi wa kale kabisa unaotaja mahali pa ukumbusho wa Petro na Paulo huko Roma, nao umetufikia kwa sababu watu wawili walikuwa wakigombana.

Je, Gaius alisema kweli? Kati ya mwaka 1940 na 1949 palichimbwa chini ya Basilika la Mtakatifu Petro. Pakaonekana makaburi ya watu wa kale, na katikati yake kijumba kidogo cha ukumbusho kilichojengwa ukutani, cha mnamo mwaka 160. Kwa hiyo Gaius alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alitangaza kwamba mifupa iliyopatikana huko imetambuliwa kuwa ya Petro. Wataalamu hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Mwanafunzi apambanue: kuwapo kwa mahali pa ukumbusho ni jambo lililothibitika, mifupa ni ya nani ni jambo jingine.

Kifo kimoja, masimulizi mawili

Mfano ulio bora kwa darasa ni kifo cha Yakobo, ndugu yake Bwana, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Tunayo masimulizi mawili yasiyotegemeana.

La kwanza ni la Josephus, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, aliyeandika mnamo mwaka 93. Asema kwamba mwaka 62 liwali Festo alifariki, na mwingine, Albinus, alikuwa bado njiani. Kuhani Mkuu Ananus kijana akaitumia nafasi hiyo kuitisha baraza, akamshtaki Yakobo pamoja na wengine kwa kuvunja sheria, wakapigwa mawe. Watu wa mjini walioishika sheria kwa bidii walichukizwa, wakapeleka malalamiko, na Ananus akaondolewa katika ukuhani baada ya miezi mitatu tu.

La pili ni la Hegesippus, Mkristo wa karne ya pili, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebius. Hapa Yakobo ni mtu wa sala ambaye magoti yake yamesugulika mpaka yakawa kama ya ngamia. Anapandishwa juu ya kinara cha hekalu ili awakanye watu. Badala yake anakiri. Anasukumwa chini, hafi. Anapigwa mawe huku akiwaombea wauaji wake. Mwisho dobi mmoja anampiga kichwani kwa rungu la kazi yake. Akazikwa hapohapo karibu na hekalu, na jiwe lake, asema Hegesippus, lingalipo. Mara Vespasianus akauzingira mji.

Masimulizi haya yanakubaliana katika kiini: Yakobo aliuawa Yerusalemu, kwa mawe, na wakuu wa dini. Yanatofautiana katika mengine yote. Josephus alikuwa akieleza utumiaji mbaya wa madaraka. Kwake Yakobo ni kisa kimoja katika habari za Ananus. Hegesippus alikuwa akieleza kifo cha mwenye haki. Ndiyo maana maangamizi ya mji, yaliyokuja miaka kadhaa baadaye, ameyasogeza yakafuata papo hapo. Huyu wa pili hakuwa mwongo. Aliandika kile ambacho jumuiya yake ilikwisha kukielewa kuwa maana ya tukio. Lakini mwanafunzi anayetaka tarehe amwendee Josephus, na anayetaka kujua Yakobo alikuwa nani mioyoni mwa watu wake amwendee Hegesippus.

Mapenzi yanapotunga

Pale ambapo maandiko ya awali yalinyamaza, masimulizi ya baadaye yalisema. Kitabu kiitwacho Matendo ya Petro, cha mwishoni mwa karne ya pili, ndicho kinachosimulia kwamba Petro alisulibiwa kichwa chini. Kile kiitwacho Matendo ya Paulo kinasema kwamba Paulo alipokatwa kichwa, maziwa yalimrukia askari nguoni. Baadaye zaidi pakatokea habari kwamba kichwa chake kilidunda mara tatu na chemchemi tatu zikabubujika.

Kuhusu Matendo ya Paulo tuna habari adimu sana. Tertullian wa Karthago, aliyeandika mnamo mwaka 200, anasema kwamba mtungaji alikuwa mzee wa kanisa katika mkoa wa Asia. Alipobanwa, alikiri kwamba alikitunga kwa kumpenda Paulo, naye akaondolewa katika kazi yake. Kwa hiyo tusidhani kwamba watu wa kale walikubali kila walichosomewa. Walikuwa na vipimo, nao waliweza kumwadhibu mtu aliyetunga, hata kama alitunga kwa mapenzi. Hata hivyo kitabu chenyewe hakikufa. Watu waliendelea kukisoma, kwa kuwa kiliwapa kile ambacho tarehe na kaburi haviwezi kutoa: uso wa mtu na sauti yake.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tumeona tabaka tatu za kumbukumbu. Kwanza ni siku na mahali, vilivyoshikwa na watu waliokutana mwaka hata mwaka. Pili ni maneno machache ya nyaraka, yaliyoandikwa kwa haja ya wakati ule, kama kutuliza fitina au kujibu hoja. Tatu ni masimulizi, yaliyoijaza nafasi iliyobaki. Mwalimu anayezichanganya tabaka hizi huwakosea wanafunzi wake. Na anayeitupa ile ya tatu kwa dharau huwakosea vilevile. Yatosha awazoeze kuuliza maswali matatu kwa kila andiko: nani aliandika, aliwaandikia nani, na walikuwa na haja gani?

Wanafunzi wetu hawana haja ya kwenda Smirna kuyajaribu maswali hayo. Kila tarehe 3 Juni umati wa mahujaji hukusanyika Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mahali hapo. Siku na mahali vimeshikwa, kama Smirna. Na habari za saa zao za mwisho zilitufikia kwa kiasi kikubwa kupitia vijana waliokuwa wamehukumiwa pamoja nao, wakaachiliwa penye moto, wakaishi wakasimulia.

Tukimrudia sasa yule mwanafunzi na swali lake, tutamjibu hivi: aliyekufa hutoa ushahidi pale ambapo yuko aliye hai aliyeona, akaikumbuka siku, akaitunza mifupa, akaandika kwa uaminifu, na mwingine baada yake akaunakili waraka ulipokuwa ukichakaa. Kiswahili kimewapa wote hao jina moja.